Alikipiga Mwenyewe: Maisha ya Mwalimu Enoki Mtewele, Mpiga Kinanda, 1948–2024

Kabla ya tarehe na mahali pa kuzaliwa, kuna jambo la kuweka sawa. Tangu Alhamisi watu wamekuwa wakilinong'ona chini ya turubai hili, wakidhani mfiwa aliyejifunika khanga kichwani hasikii. Nimesikia. Mwalimu Enoki Mtewele hakuwa mweka santuri. Mikanda kumi na moja ya muziki wa piano iliyohifadhiwa Njombe haikunakiliwa kutoka kwenye santuri za Wajerumani. Aliipiga yeye, kwa mikono yake miwili, kati ya mwaka 1981 na 1989, na mimi mke wake nilikuwa nimesimama kushoto kwake nikimfunulia kurasa.

Jana kikao cha msiba kilinishauri kwa upole kwamba kwenye jalada la ratiba hii tuondoe neno "kinanda" tuandike "piano", ili tusifufue maneno. Nilikataa. Kwa wageni waliotoka mbali nieleze sababu. Huku kwetu wazee waliita kinanda kile chombo cha kanisani cha kukanyaga kwa miguu, na waliita kinanda vilevile gramafoni ya kuzungusha mkono, ile ambayo vijana walirudi nayo kutoka mashamba ya mkonge. Kwa hiyo kupiga kinanda kulikuwa kupiga ala, na kulikuwa pia kuweka santuri na kuzungusha mkono. Kwa neno hilo moja, mtu aliyesomea kazi yake miaka sita aligeuzwa kuwa mzungusha mkono. Lakini neno alilichagua mwenyewe, kwa akili zake timamu, nami sitalibadilisha akiwa jenezani. Asiyelielewa ndiye ajirekebishe.

Sasa wasifu.

Mwalimu Enoki Mtewele alizaliwa tarehe 14 Machi 1948 katika kijiji cha Matembwe, Lupembe, akiwa mtoto wa pili kati ya watano wa marehemu Mzee Nathanieli Mtewele, mpasua mbao na mzee wa kanisa, na marehemu Mama Emilia. Alibatizwa mwaka huohuo na akapata kipaimara mwaka 1962. Kanisani kulikuwa na kinanda cha kukanyaga kilichoachwa na wamisionari. Enoki alikianza akiwa na miaka minane, miguu haifiki chini. Mdogo wake, Sila, ndiye aliyeingizwa chini ya kinanda akandamize vikanyagio kwa mikono. Shemeji Sila mwenyewe husimulia kwamba alipohisi njaa aliacha tu, muziki ukalegea ukafa katikati ya wimbo, na mzee mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Kinanda kimekata pumzi! Mpeni Sila kiazi!" Siku ile ibada iliendelea baada ya kiazi.

Alisoma shule ya msingi Lupembe kuanzia mwaka 1956, kisha shule ya kati, kisha chuo cha ualimu alichomaliza mwaka 1968 kwa daraja la kwanza. Nota za mistari alifundishwa na mmisionari mmoja wa kike ambaye hakuwa na subira, na Enoki alimshukuru maisha yake yote kwa kukosa subira huko. Mwaka 1969 alipata nafasi ya masomo ya serikali kwenda Ujerumani Mashariki, katika mji wa Leipzig, kusomea piano. Wapo wanaosema alifukuzwa huko. Hakufukuzwa. Alimaliza mwaka 1975, na cheti chake kimo kwenye fremu sebuleni kwetu Mahongole. Anayetaka kukisoma anakaribishwa, akishafuta miguu mlangoni.

Kutoka Leipzig alimwandikia baba yake kila mwezi. Barua moja, ya Mei 1974, ilieleza tamasha lake la kwanza mbele ya watu mia tatu. Aliandika: "Baba, huku wanasikiliza kinanda wakiwa kimya kabisa. Hakuna anayepiga makofi wala kigelegele mpaka umalize." Mzee Nathanieli alijibu kwa mistari miwili: "Mwanangu, kama watu mia tatu wamekukalia kimya saa nzima, umewakosea nini? Waombe radhi urudi nyumbani." Barua hiyo Enoki aliitunza ndani ya kitabu cha nota, ukurasa ambao haukuhitaji kufunuliwa.

Alirudi nchini Januari 1976 na kupangiwa kufundisha muziki katika chuo cha ualimu. Wenzake walibaki Ulaya au walikaa Dar es Salaam. Yeye aliomba aletwe Njombe, akaletwa. Alitoa tamasha Dar es Salaam mwaka 1977, Nairobi mwaka 1979, na mwaka 1984 aliitwa tena Leipzig kupiga mbele ya waliomfundisha. Haya yote yana matangazo yaliyochapishwa, yenye jina lake kwa herufi kubwa. Hakuna ukumbi duniani unaochapisha tangazo la mtu wa kuweka santuri.

Mimi nilikutana naye Novemba 1977. Alikuja kupiga katika chuo nilichokuwa nikifundisha, akauliza nani anaweza kumfunulia kurasa. Wanakwaya wote walisoma nota za do re mi, hakuna aliyesoma za mistari. Mimi nilifundishwa za mistari na masista nilipokuwa shuleni Uwemba, nikanyoosha mkono. Baada ya tamasha hakunisifu. Alisema, "Umechelewa mara mbili." Nikamwambia, "Wewe uliwahi mara mbili." Tulifunga ndoa Jumamosi tarehe 12 Agosti 1978 mjini Njombe.

Baba yangu, Mzee Severini, alikuwa Mkatoliki wa kweli na mkulima wa kweli, na posa ya kijana wa Kilutheri asiye na jembe haikumkalia vizuri. Alimuuliza mshenga, "Kijana anafanya kazi gani?"

"Anapiga kinanda, mzee."

"Nimeuliza kazi. Sijauliza anapenda nini."

Mshenga akaongeza haraka kwamba kijana pia ni mwalimu wa serikali, na hapo mazungumzo yakaendelea. Kuhusu dini yangu na yake, tuliishi miaka arobaini na mitano na miezi tisa. Yeye alipiga katika kanisa lake na katika langu, na makanisa yote mawili yalimlalamikia kwamba anapiga polepole mno. Hilo ndilo jibu langu kwa waliotabiri kwamba hatutamaliza mwaka.

Mwaka 1980 klabu ya shamba la miwati, miti ya magome ya kiwandani, ilikuwa inafungwa, na meneja aliyekuwa akiondoka alimpa Enoki piano iliyokuwa pale. Ililetwa Mjimwema kwa lori la mbao, imesimama, imefungwa kamba, na watu wanane wakiishikilia. Kwenye kizuizi askari alisimamisha lori.

"Mmebeba nini?"

"Kinanda, afande."

"Kiwasheni tusikie."

"Hakiwashwi, afande."

"Kibovu, sasa mnakipeleka wapi?"

Enoki, aliyekuwa amevaa suti maana alitoka kumuaga meneja, alipanda nyuma ya lori, akafungua kifuniko, akapiga fuga nzima, muziki wa sauti nne zinazofuatana, huku amesimama. Askari alivua kofia. Alipomaliza, askari alisema, "Kumbe ni cha msibani. Poleni sana. Piteni."

Katika piano hiyo, sebuleni kwetu Mjimwema, ndimo ilimozaliwa mikanda ambayo watu wanaizungumzia. Nieleze ilivyofanyika, kwa sababu wanaoizungumzia hawakuwepo. Kanisa lilikuwa na studio ndogo ya vipindi vya redio, na fundi wake, Bwana Alois, alikuja na mashine ya kurekodi ya mikanda mikubwa ya magurudumu, si kaseti. Tulirekodi Jumamosi mchana, umeme ukiwepo. Tulitundika mablanketi madirishani. Juni na Julai tuliweka jiko la mkaa chini ya meza ili apashe vidole moto kati ya kipande na kipande. Piano ilikuwa na kitufe kimoja upande wa kushoto ambacho kwenye baridi kiligoma kunyanyuka, na kilipokubali kilitoa mlio mdogo, kama mtu anayegonga jino. Mlio huo umo katika kila mkanda, ukisikiliza vizuri. Sijui santuri gani ya Ujerumani ina kitufe cha Njombe.

Na hapa nitasema kosa lake, kwa sababu wasifu usio na kosa hauaminiki. Enoki hakuvumilia uchafu katika muziki. Jogoo akiwika, mvua ikipiga bati, mimi nikikohoa, yeye akikosea, alirudia kipande, na Jumatatu yeye na Bwana Alois walikata sehemu iliyoharibika kwa wembe na kuunga mkanda kwa gundi ya karatasi. Bwana Alois aliweka alama kwa kalamu ya njano pale pa kukata, kisha wembe ukapita katikati ya alama. Nilimwambia Enoki aache angalau jogoo mmoja. Alisema, "Jogoo hakuandikwa kwenye nota." Alisafisha mikanda ile mpaka hakukubaki dalili kwamba ilirekodiwa kwenye nyumba ya watu, na usafi huo ndio uliokuja kumponza.

Vile vipande vilivyokatwa vilikuwa vinatupwa. Mimi niliviokota. Sikuwa na sababu ya maana; vilikuwa na sauti ya mume wangu na ya watoto wangu wakiwa wadogo, na sikuona kama ni vitu vya kuchomwa pamoja na maganda. Niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kuandika tarehe.

Mwaka 1990 studio ilifungwa na mikanda ikapelekwa stoo ya kumbukumbu. Enoki alijaza fomu. Penye "mpigaji" aliandika jina lake. Penye "chombo" akaandika "kinanda". Nilikuwa nimesimama pale pale, nikamwambia, "Mwalimu, andika piano."

"Piano ni la Kiitaliano. Sisi tuna neno."

"Hilo neno lina maana mbili."

"Basi wajifunze ya kwanza."

Karani aliyepokea alikuwa mzee wa maana ya pili. Alisoma kwamba E. Mtewele amepiga kinanda, akasikiliza kidogo, akasikia kitu safi cha Kizungu, akaandika juu ya maboksi yote kumi na moja: "Santuri za Ulaya, nakala." Yule mzee alikwisha kufariki, na hakukosea kwa ubaya. Alikosea kwa Kiswahili chake. Simlaumu, na nimeshamsamehe mara nyingi, maana ilibidi nirudie.

Ila mzaha ulitoka stoo ukafika sokoni. Linus wa dukani, ambaye alikuwa na gramafoni ya baba yake, aliwaambia wateja, "Hata mimi nimesomea kupiga kinanda. Unazungusha hivi, mkono ukichoka unabadilisha mkono." Watu walicheka. Enoki aliposikia alicheka pia, akaenda dukani akamwomba Linus amfundishe, na Linus aliona haya akafunga duka mapema. Mume wangu alikuwa na moyo huo. Mimi sina.

Aliendelea kufundisha mpaka alipostaafu mwaka 2008, tukahamia Mahongole. Alikaza nyuzi za piano mwenyewe kila msimu wa mvua ulipoisha. Alifundisha watoto wa jirani bila kuchagua, Walutheri kwa Wakatoliki na wasio na kanisa. Wanafunzi wake wanne leo ni walimu wa muziki.

Tarehe 2 Julai 2019 alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulikufa na maneno yakawa mazito. Hata hivyo kila asubuhi aliomba asogezwe kwenye piano, akapiga sehemu ya mkono wa kushoto peke yake, ukurasa kwa ukurasa, akiacha nafasi ya mkono wa kulia kana kwamba nao unapiga. Majirani walisema kinanda cha mwalimu kimeharibika, kinatoa nusu. Siku moja nilikaa kuliani nikajaribu kumjazia ile nusu nyingine. Alinivumilia mistari miwili, kisha akasema kwa taabu, "Mama Nelly. Funua kurasa tu."

Katika hali hiyo, mwaka 2021, chuo kikuu kimoja kiliandika barua kuomba rekodi za wapigaji wa Kitanzania wa muziki wa namna hii. Stoo ikajibu kwamba hazipo. Kilichopo ni nakala za santuri za Ulaya. Binti yetu Nelly aliletewa nakala ya jibu hilo na rafiki. Enoki alilisoma, akaliweka juu ya meza, akasogezwa kwenye piano, akapiga mkono wa kushoto mpaka saa ya chakula. Hakuweza tena kukaa mbele ya mtu yeyote na kuthibitisha. Nilielewa kwamba kazi hiyo imekuwa yangu.

Niliiandikia stoo ipitie upya, ikaunda kamati, na kamati ilikaa Njombe tarehe 17 Februari 2022. Mwenyekiti alikuwa Bwana Valeriani, mwalimu mkuu mstaafu, mtu mwenye adabu. Enoki alikuwepo kwenye kiti chake cha magurudumu. Bwana Valeriani alisema, "Mama Nelly, hapa hakuna anayemdharau mwalimu. Ila sauti hii ni safi mno."

"Safi mno kwa nani?"

"Kwa studio yetu ya wakati ule, mama."

"Sema kwa Mbena, tuelewane."

Alishika miwani yake akaifuta. Ndipo nikafungua kopo. Bwana Alois, akiwa na miaka sabini na minne, alikuwa ametoka Lupembe na mashine yake ya zamani kwenye gunia. Aliunga vipande kimoja baada ya kingine, na kwa dakika ishirini kamati ilisikiliza taka za mume wangu. Piano ileile, kitufe kilekile. Halafu mvua juu ya bati, na sauti ya Enoki akiwa na miaka thelathini na mitatu: "Kamwene, mvua," anaisalimu kwa Kibena. Kisha Alois: "Tuendelee, mwalimu?" Kisha Enoki: "Tuendelee wapi, mwenye bati ameshaanza kupiga." Kuku. Mtoto analia. Kisha piano inasimama ghafla, na Enoki anasema, "Oktavia, umefunua kurasa mbili." Na sauti yangu, ya ujana, isiyo na heshima: "Vidole vyako vimelala, nilidhani umeruka."

Kamati ilicheka, na Bwana Valeriani alicheka kuliko wote. Bwana Alois hakucheka. Alichukua vipande, akaviweka kando ya mikanda kwa kufuata tarehe nilizoandika, na nusu ya alama ya njano kwenye kipande ikakutana na nusu yake kwenye mkanda. Alifanya hivyo mkanda baada ya mkanda, mpaka wa kumi.

Mwezi Machi barua ilikuja: mikanda kumi "inasadikiwa kupigwa na Mwl. E. Mtewele." Niliirudisha siku ileile. Niliandika kwamba inasadikiwa ni neno la kumtafutia mtu aliyepotea msituni, na mume wangu yuko Mahongole, ana anwani. Barua ya pili, ya tarehe 11 Aprili 2022, ilisema: "Kinanda: E. Mtewele." Nilimsomea. Alisema, "Wamejifunza." Basi.

Umebaki mkanda wa kumi na moja. Huo ulirekodiwa Jumamosi tarehe 23 Septemba 1989. Ni sonata ya dakika arobaini na mbili, aliyoianza na kuimaliza bila kusimama. Hakukuwa na mvua, hakukuwa na kuku, na mimi sikukosea. Hakuna kilichokatwa, kwa hiyo hakuna kipande kwenye kopo. Ndio mkanda mzuri kuliko yote aliyoacha, na ndio ambao hadi leo boksi lake linasema ni nakala. Kamati ilisema ushahidi wa mke na wa rafiki hautoshi, inatakiwa mtu mwingine.

Mtu mwingine yupo. Siku ile sebuleni tulikuwa wanne: Enoki, mimi, Bwana Alois, na mtu wa nne aliyekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasikiliza tangu mwanzo hadi mwisho, na mwishoni akatoka nje kusimama uani. Kamati ilimwandikia kwa siri. Alijibu kwa mstari mmoja kwamba hakumbuki.

Mwalimu Enoki alianza kusumbuliwa na kifua mwishoni mwa Mei mwaka huu. Alilazwa Makambako tarehe 1 Juni, madaktari na wauguzi wakamhudumia vizuri, na familia inawashukuru. Siku tatu za mwisho aliomba kusikiliza mkanda wa kumi na moja, ambao mwanetu Elius alikuwa ameurekodi kwenye simu. Aliusikiliza akiwa amefumba macho, vidole vya kushoto vikitembea juu ya shuka. Muuguzi aliuliza, "Babu, nani huyo anapiga?" Hakuwa na maneno mengi yaliyobaki, ila hilo alilijibu. Alisema, "Mimi." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne asubuhi, kwa nimonia, akiwa na umri wa miaka sabini na sita.

Ameacha mjane, Mwalimu Oktavia, watoto watatu, Nelly, Elius na Jasmine, wakwe wawili, wajukuu sita, mdogo wake Sila na dada yake Edina, na Timoth, mtoto wa Sila, anayewasomea maneno haya, ambaye marehemu alimlea kama wa kwake. Ameacha piano moja, iliyokazwa nyuzi. Ameacha mikanda kumi na moja. Si kumi.

Mungu aliyempa mikono hiyo sasa aipumzishe. Tunamlaza Mahongole leo, Jumamosi tarehe 8 Juni 2024, kwa amani aliyoishi nayo kuliko sisi wengine.

Najua mkishatupia udongo mtaniuliza mtu wa nne ni nani. Wengine mmeshaanza kumtazama shemeji Sila. Mwacheni, siku ile alikuwa Songea na tiketi yake ninayo. Mtu huyo yu hai, na aliyekuwa na haki ya kumtaja alikuwa Enoki. Nilimuuliza mara mbili, mwaka juzi na wiki iliyopita hospitalini. Mara zote mbili alisema, "Mwache."

Kwa hiyo nimemwacha. Kwa nini hakumbuki, sijui. Mkanda ni wa mume wangu, nilikuwepo, na nimesema. Msiniulize makaburini, msiniulize siku ya arobaini, msimtume mtu aje kuniuliza jikoni. Jina hilo silisemi.